Ngoma ya Mtemi ni Hati ya Historia

Kila niwapelekapo wanachuo katika Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko Bujora, karibu na Mwanza, huwasikia wakiyagawa mambo mafungu mawili. Ngoma za watemi zilizohifadhiwa humo huziita mila. Mgodi wa dhahabu wa Geita, wanaousoma vitabuni, huuita historia. Mgawanyo huo una madhara. Mtoto wa Geita akifundishwa kwamba historia ya kwao ilianza na mgodi katika miaka ya 1930, atadhani babu zake waliishi nje ya wakati. Ilhali kabla ya ukoloni Warongo wa nchi hiyo hiyo waliyeyusha chuma kwa mivukuto, wakafua majembe yaliyouzwa hata Usukumani. Jembe hilo ni ufundi, ni biashara, ni kilimo. Basi ni historia.

Ndivyo ilivyo ngoma. Ilikuwa alama ya utawala. Sheria ilipoufuta utemi mwaka 1963, ikabaki kitu cha kutazamwa.

Kwa hiyo mwalimu wa Shinyanga au Geita asiishie kuuliza, "Hiki chaitwaje?" Na aulize pia: Nani alikitengeneza? Nani aliruhusiwa kukitumia? Kwa nini matumizi yake yalikoma? Maswali hayo hayahitaji kabati la vioo. Wanafunzi waweza kuyauliza nyumbani, kwa bibi, mbele ya jembe kuukuu, na kuyaandika majibu. Wazee wakituondokea kabla hatujawauliza, makumbusho yetu yatabaki na vitu visivyo na msemaji.