Kanzu Zilizoungua

Faili la picha likigoma kufunguka, wengi wetu tunaona dawa ni moja tu: libadilishwe liwe JPEG, lirushwe WhatsApp, yaishe. Mimi siku hizi nauliza kwanza: kwenye kubadilisha huko, nani anaachwa njiani?

Nauliza kwa sababu ya sidii moja ya ukoo wetu hapa Tabora. Miaka ya 1990 baba mdogo, akiwa Marekani, alizipeleka negativu zetu za zamani zikaskaniwe kwenye Photo CD, teknolojia ambayo Kodak iliiingiza sokoni mwaka 1992. Negativu hazipo tena. Imebaki sidii, na mafaili yake yanaishia na .PCD, simu inayatazama tu.

Duka moja mjini lilitubadilishia. Ikatoka picha ya wanaume wanne mbele ya tembe, Kwihara. Lakini kanzu zao zilikuwa weupe mtupu, kama zimeungua, na sura ndogo mno. Shangazi, mwenye miaka 80 na ushei, aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, kisha akasema, “Hawa ni watu tu, mwanangu.”

Kumbe faili la PCD si picha moja. Picha ileile imewekwa humo kwa saizi tano, kuanzia pikseli 192 kwa 128 hadi 3072 kwa 2048. Programu nyingi huchukua ile ya katikati, 768 kwa 512, zikaishia hapo. Tena Kodak walihifadhi hata mwanga uliozidi ule ambao skrini inauita mweupe. Programu isiyolijua hilo hukata kilichozidi, na kanzu zinaungua. Kwenye sidii hakikupotea kitu. Kilipotea kwenye kuhamisha.

Nikatumia pcdtojpeg, programu ya bure iliyotengenezwa kwa mafaili haya tu. Mikunjo ya kanzu ikarudi, na darizi za shingoni nazo. Shangazi hakuanza na sura. Aliweka kidole kwenye kola ya wa pili. “Huu mkono wa mama. Basi huyu ni baba.”

Mji huu ulikua kwa kuhamisha mizigo. Misafara ya kati ya Ujiji na Bagamoyo ilipumzika hapa na kuajiri wapagazi wapya, Wanyamwezi kwa wingi. Pembe tunajua zilifika pwani. Majina ya wengi waliozibeba hatunayo.

Faili nalo hubeba sura, halibebi majina mpaka mtu ayaandike. Kwa hiyo palipokuwa na IMG0007 nimeandika majina, kushoto kwenda kulia. Matatu tumeyapata. La nne shangazi bado analitafuta. Amesema nipite tena Ijumaa, baada ya swala.