Neno la herufi tatu

Nimekuwa kimya, kazi imenibana. Leo naandika juu ya kosa langu mwenyewe.

Kuna duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Voi ambalo niliwawekea programu ya mauzo, na hifadhidata yake ni PostgreSQL. Kompyuta yao ilikuwa kuukuu, na Jumamosi foleni ilifika mlangoni. Mama mwenye duka akaniambia, "Kijana wangu, hii mashine yako inalala kuliko mlinzi." Maneno yakanichoma. Nikafungua faili la postgresql.conf, nikatafuta mstari wa fsync, nikaandika off. Kasi ikapanda papo hapo. Nikanunuliwa soda, nikapanda matatu kwenda nyumbani Wundanyi nikijiona fundi.

Sasa, fsync ndiyo inayoilazimisha hifadhidata kusubiri hadi data iandikwe kweli kwenye diski. Inakuja ikiwa imewashwa, na kuna sababu. Wiki mbili baadaye stima ikapotea katikati ya mauzo, na ile UPS ilikuwa imekufa zamani. Stima iliporudi, hifadhidata ikakataa kuwaka. Nakala ya akiba ilikuwa ya siku tatu nyuma. Tulikesha mimi na Mama, yeye akinisomea vitabu vya risiti, mimi nikiandika: misumari, mabati, saruji. Hakunigombeza hata kidogo. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Kumbe kwenye faili lilelile kuna mstari mwingine, synchronous_commit. Ukiuzima huo, stima ikikatika unaweza kupoteza miamala ya mwisho kabisa, ya chini ya sekunde moja kwa kawaida, lakini hifadhidata yenyewe haiharibiki. Mistari miwili jirani, madhara ni mbingu na ardhi. Na onyo lilikuwepo pale pembeni ya fsync! Sikulisoma.

Ndiyo maana nasema mipangilio ya mwanzo imlinde yule asiyesoma, kwa sababu ndio sisi wengi. MongoDB walijifunza hivyo kwa uchungu: Januari 2017 maelfu ya hifadhidata zilizoachwa wazi kwenye intaneti bila nenosiri zilifutwa na wezi waliodai fidia. Mwaka huohuo toleo la 3.6 likatoka, likisikiliza kompyuta yake yenyewe tu mpaka uliambie vinginevyo.

Siku hizi nikiandika faili la mipangilio nafuata haya:

1. Kila thamani ina kipimo chake. Andika 5min au 128MB. Namba tupu inamchanganya msomaji.
2. Jina lililokosewa lisimamishe programu, lisipitwe kimyakimya.
3. Kitu cha hatari kiitwe kwa hatari yake. Lau mstari ule ungeitwa "kubali_kupoteza_data", nisingeugusa.
4. Ukibadilisha chochote, andika tarehe na sababu juu yake.

Mama bado ni mteja wangu. Tulimnunulia UPS mpya, na nakala ya akiba inachukuliwa kila jioni duka likifungwa. Fsync imewashwa. Foleni ya Jumamosi bado ipo, ila siku hizi mashine ikichelewa anawaambia wateja, "Ngojeni, inaandika."

Na wewe je, ni mstari gani uliwahi kukukesha? Niambie. Kazi njema.