Benki zilipofungwa, likelemba ilibaki

M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango na pesa mkononi ikawa haba. Wengi tulisema tungoje hali itulie. Mama zetu waliotoka kambini bila kitu hawakungoja. Walianza kuuza kile ambacho jirani ananunua kila siku: makala, unga, sambaza.

Nguvu yao ni likelemba. Watu kumi wakitoa franga 2,000 kila mmoja, mmoja wao anapokea 20,000 siku hiyo. Kesho ni zamu ya mwingine. Hakuna riba wala karatasi, kuna kuaminiana tu. Kwa hiyo ingieni watu mnaojuana, na mzunguko uwe mfupi: siku kumi, si miezi kumi, maana vita vinaweza kumhamisha mtu kabla ya zamu yake.

Kwangu mimi, huo ndio ujasiri. Kukopa pesa nyingi kwa kubahatisha si ujasiri. Deni nalo linaweza kukukimbiza nyumbani. Ndugu zangu mliohamishwa, anzeni na kidogo. Faida mle, mtaji muuache.