Kigoda cha babu

Jumamosi nilitoka Sirisia nikaenda Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974 yakianzia na hazina aliyoiacha Hugh Stoneham, aliyefariki mwaka 1966. Kigoda cha Waturkana kilinisimamisha. Ni kipande kimoja tu cha mti: mchana kiti, usiku mto wa kichwa, safarini hubebwa mkononi. Nami msomi wa kompyuta nimeandika programu yenye vitufe 14, mama hajui aanzie wapi!

Babu naye alikuwa na kigoda. Alipofariki tukakifanya kuni, hata picha hatuna. Sasa ninatengeneza hifadhidata ndogo ya vyombo vya kijijini. Safu ya kwanza ni jina la mchongaji. Kwa kigoda cha babu, itabaki tupu.

Ndugu msomaji, piga picha vya kwenu leo, na uulize nani alivichonga.