Pikipiki ya Mashindano Ijue Kwanza Kusimama

Katwe, Kampala
Juni 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako umenifika pamoja na picha: ile TVS nyekundu imeegemea mkaratusi, nawe umeandika chini yake kwamba unataka kuivua kila kitu iwe pikipiki ya mashindano, kwa kuwa vijana wa Burungu na wa Kitchanga mmeanza kushindana tangu mliporudi kutoka kambi za waliokimbia vita huko Goma mwezi wa pili. Umeniomba pesa za pistoni kubwa na kabureta mpya. Mama yako naye amenipigia simu, akanisihi nikukataze.

Sikukatazi. Katika Masisi ya leo, huko mashariki mwa Kongo, kijana anayetamani spana kuliko bunduki ni wa kushikwa mkono. Lakini pesa za pistoni sitatuma. Nitakueleza sababu, kisha nitakuambia nitatuma nini.

La kwanza ni hiyo TVS. Usiiguse. Ilinunuliwa kwa zamu ya mama yako katika likelemba, ule mchango wa kupokezana pesa, na ndiyo inayoshusha viazi na jibini hadi Sake, ikarudi na chumvi na sabuni. Pikipiki ikishakuwa ya mashindano hairudi kazini. Utakuwa umekwisha kuitoa keria, taa, stendi na kiti cha abiria, umeshusha usukani, umebadilisha gia. Mteja hapandi, gunia halikai. Na siku utakapoiangusha, kwa maana kila anayejifunza kukimbiza pikipiki huanguka, utakuwa umeangusha ada za wadogo zako.

Tafuta nyingine iliyochoka. Nyuma ya kila gereji, kuanzia Mweso hadi Goma, kuna Boxer au TVS ambayo mwenyewe ameshindwa nayo. Ile ambayo injini bado inazunguka lakini tangi limebonyea, taa hazipo na plastiki zimekatika, hiyo ndiyo yako. Mwuzaji atapunguza bei kwa ajili ya vitu ambavyo wewe ungevitoa hata hivyo.

Unapoikagua, mlio wa injini usikulevye. Anza na fremu, kwa kuwa pikipiki za kwetu zimebeba makala na watu watatu kwa pamoja. Pangusa matope mahali mkono wa gurudumu la nyuma unapoungana na fremu, na chini ya kiti mahali keria ilipochomelewa. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba, au kutu inayofuata mstari, ni ufa. Achana nayo hata ukipewa bure. Kisha chukua uzi mrefu, uvute ukigusa tairi la nyuma hadi la mbele, kila upande, usukani ukiwa umenyooka. Magurudumu yasipokaa sawa, fremu au shokapu za mbele zimepinda. Nyanyua gurudumu la mbele, ugeuze usukani polepole. Ukihisi unanasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Beringi si ghali, kwa hiyo hiyo ni sababu ya kupunguziwa bei, si ya kuikimbia. Moshi wa bluu maana yake inakula oili: ringi au sili za valvu. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, na hilo unalitengeneza kwa bisibisi na subira. Tairi nalo lina tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokaa miaka mingi hukauka, na huteleza hata kama meno yake bado ni marefu.

Mwisho, namba ya chasi ilingane na karatasi. Kwetu pikipiki nyingi zimebadilisha mikono mbele ya mtutu. Usishindane ukiwa umekalia machozi ya mtu.

Sasa nije kwenye breki, maana ndiko utengenezaji wenyewe unakoanzia. Waulize wazee walioshusha chukudu kutoka milima yenu hadi Goma. Ni gari la mti lisilo na injini, linabeba mzigo ambao wanaume kadhaa wasingeuweza, na linafika. Aliyeliunda hakuhangaika kutafuta mwendo, kwa sababu mlima unautoa bure. Alihangaika na kile kipande cha mpira wa tairi kinachokanyagwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Watu wa Goma wameliwekea chukudu sanamu katikati ya mji, na kwangu mimi hiyo ni sanamu ya breki.

Hesabu yake ni hii: ukizidisha mwendo mara mbili, safari ya kusimama haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Pikipiki inayohitaji mita kumi kusimama ikiwa kwenye kilomita 40 kwa saa, kwenye 80 itataka arobaini. Kwa hiyo kila nguvu unayoiongeza kwenye injini ni deni ambalo breki zitalilipa. Fungua ngoma zote mbili, osha vumbi, badilisha viatu vya breki, kagua kama ngoma haijawa yai, tia kebo mafuta au uweke mpya. Kama utapata mguu wa mbele wa diski kutoka pikipiki iliyogongwa, uchukue mzima: shokapu, gurudumu, diski na pampu yake. Usiokote kipande kimoja kimoja ukalazimisha vikae.

Baada ya breki, punguza uzito, kwa kuwa hili halina gharama. Toa keria, vyuma vya kukinga miguu, stendi zote, vioo, taa, indiketa, vikanyagio vya abiria. Viuze, vitalipia tairi. Kinachobaki kifungwe mara mbili. Toboa kichwa cha bolti ya kumwagia oili na zile za breki, upitishe waya mwembamba, uukaze kwa kuelekea upande wa kufunga, bolti isiweze kujifungua. Oili ikimwagika uwanjani, anayeanguka si wewe uliyeimwaga, ni mwenzako anayekufuata. Na swichi ya kuzima injini iwe mahali kidole gumba kinapofika bila kutafuta.

Kisha gia. Unataka ikimbilie kona haraka? Kabla ya kuwaza pistoni, badilisha spoketi ya mbele. Ukitoka meno 14 ukaweka 13, msukumo kwenye gurudumu unaongezeka kwa karibu asilimia 8, kwa bei ya kipande kidogo cha chuma. Mwisho wa mwendo utapungua, lakini katika uwanja mfupi hutaufikia hata hivyo.

Injini ndiyo ya mwisho, na kuna jambo ambalo mafundi wa kwenu hulisahau. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na Burungu iko juu zaidi. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na injini isiyo na pampu ya hewa hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Pikipiki yako, ambayo hata ikiwa mpya haifikishi nguvu za farasi 15, kwenu imekwisha kukatwa fungu lake. Kabureta iliyopangwa kwa miji ya chini itamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Kwa hiyo dawa ya Burungu si kabureta kubwa, ni jeti ndogo zaidi. Plagi itakuambia: ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi; ikiwa nyeupe, imepungua na pistoni itaungua; ikiwa kahawia hafifu, acha hapo hapo. Pima nafasi za valvu, weka oili safi, na petroli unayonunua kwa wale wauza chupa tunaowaita Kadhafi iache itulie, kisha ichuje kwa kitambaa kabla ya kuitia tangini. Chujio la hewa usilitoe. Vumbi la kiangazi cha mwezi wa sita hadi wa nane husaga silinda.

Eksozi nayo usiitoboe. Kelele si nguvu. Na hapo mlipo kuna bibi na watoto waliokimbia mabomu Kitchanga. Pikipiki inayolipuka kama risasi saa kumi jioni itawafanya watu wakimbie kwa ajili ya mchezo wako.

Usidharau injini ndogo ya cc 125. Mwaka 1959 Honda walikwenda kwa mara ya kwanza kushindana katika Kisiwa cha Man karibu na Uingereza, na pikipiki zao zilikuwa za cc 125. Hawakushinda: mpanda wao aliyetangulia, Naomi Taniguchi, alikuwa wa sita. Lakini pikipiki zao nyingi zilifika mwisho, nao wakapewa tuzo ya timu. Miaka miwili baadaye, Mike Hailwood akashinda mbio za cc 125 na za cc 250 hapo hapo akiwa juu ya Honda. Walianza na kumaliza, ushindi ukafuata. Hata hao TVS wa India, ambao wewe unawajua kwa magunia tu, wana timu ya mashindano tangu 1982.

Mwili wako sasa. Hapa Uganda kuna viwanja vya mbio za pikipiki za matope, Busiika kaskazini mwa Kampala na Garuga upande wa Entebbe. Mashindano yana daraja la watoto wadogo wenye pikipiki za cc 50. Mtoto wa daraja hilo, ambaye hajamaliza shule ya msingi, huvaa kofia ngumu inayofunika kidevu, miwani, glavu, kinga ya kifua na ya magoti, na buti linalofika chini ya goti. Wewe katika picha yako umevaa kandambili. Utafiti wa nchi nyingi uliokusanywa pamoja ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna pistoni itakayokupa faida ya namna hiyo. Hospitali ya Mweso ina wagonjwa wa kutosha. Usiwapelekee mfupa uliovunjika kwa hiari. Wazee wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwa mpanda pikipiki maneno hayo hayana fumbo.

Lipo na swali ambalo hukuniandikia: mtakimbilia wapi? Barabara ya Sake kwenda Kitchanga si uwanja. Ina chukudu, ng'ombe, watoto wa shule na mama wenye mizigo kichwani, na kwenye vizuizi vyake mtu akisikia pikipiki inakuja mbio hajui kama ni mchezo. Ombeni malisho ya mwenye shamba, kwa ruhusa yake na mbele ya mashahidi. Kabla hata ya kufyeka, waulizeni wachungaji na chifu wa kijiji kama mabomu yaliangukia hapo, kwa maana vita vimeacha mabomu yasiyolipuka katika milima yetu. Mkiona chuma msichokijua, msikiguse wala msikitupie jiwe. Wekeni alama kwa mbali, mtoe habari, mhamie shamba lingine. Mkipata mahali safi, choreni njia fupi yenye kona nyingi, ili mwendo usizidi. Wote mwelekee upande mmoja. Nje ya kona pasiwe na mti, mwamba wala mtazamaji. Mmoja wenu asimame na kitambaa chekundu, na akikiinua, kila mtu anasimama bila kubishana.

Pesa zako, ukishanunua pikipiki, zigawe mafungu kumi. Manne ni ya mwili: kofia, glavu, buti, magoti. Matatu ni ya tairi na breki. Mawili ni ya beringi, cheni, spoketi na shokapu. Moja ndilo la injini. Anayeanza kwa kuigeuza hesabu hii humaliza pesa kabla hajafika kwenye breki.

Na ahadi yangu ni hii. Nitumie picha ya pikipiki nyingine, si ile ya mama yako, pamoja na namba ya chasi na jibu la uzi nililokueleza. Mama yako aniambie mwenyewe kwa simu kwamba amekubali. Siku hiyo nitampa dereva anayekuja Goma kofia ngumu ya ukubwa wa kichwa chako, viatu vya breki vya mbele na nyuma, na tairi mbili mpya. Kuhusu pistoni tutazungumza mwakani, kama utakuwa umemaliza msimu na mifupa yako yote na TVS ya nyumbani ingali inashuka Sake.

Msalimie mama. Mtii.

Ni mimi, mjomba wako.