Rinda la Nyuma

Jumamosi, 27 Aprili 2024

Mvua tangu alfajiri. Jangwani maji yamejaa, basi limezunguka na kuzunguka, nimefika kibandani kwa Mamdogo saa nne na viatu mkononi. Cherehani zimefunikwa nailoni kwa sababu ya bati linalovuja.

Mteja mmoja tu, dada wa harusi ya Juni. Kafungua simu: "Nataka hili hili, usinibadilishie kitu." Gauni la msanii wa Marekani, limembana kama ganda la muhogo. Mamdogo kalitazama kwa adabu zote, kisha kavuta futi shingoni. "Picha nimeiona, mwanangu. Sasa simama nikupime wewe."

Nimeandika vipimo bila kucheka, maana mimi mwenyewe ni mgonjwa wa ugonjwa huo huo. Ukutani pale juu ya ovaloki kuna kurasa mbili za gazeti, zimekuwa rangi ya chai. Mmoja ni Flaviana Matata wa mwaka 2007, Miss Universe Tanzania, kichwa kimenyolewa. Wa pili niliubandika mimi nikiwa darasa la tano: Lupita Nyong'o, Machi 2014, usiku aliochukua Oscar kwa 12 Years a Slave. Gauni la Prada, buluu ya mbingu iliyotulia. Mwenyewe alisema rangi ile inamkumbusha Nairobi. Nilikuwa sijafika Nairobi (bado sijafika), lakini nilijua kwamba mtu anaweza kusimama Los Angeles akiwa amevaa mbingu ya kwao.

Kilichonimaliza hata hivyo hakikuwa rangi. Yalikuwa marinda. Madogo madogo, yameshuka kutoka kiunoni kama maji ya mfereji, na alipogeuka sketi nzima ikageuka baada yake, kwa kuchelewa kidogo. Nilimuuliza Mamdogo inashonwaje. Akasema, "Kwa pesa."

Jumatatu, 29 Aprili

Chuoni kazi ya muhula imetoka. Vazi moja la kike kutoka doti moja ya kanga. Haturuhusiwi kuongeza kitambaa kingine hata kipande cha bitana; uzi, zipu na vifungo tu. Wiki tatu.

Darasa limeguna kwa furaha, kanga nani haijui? Mwalimu katuacha tugune. Kisha kaning'iniza moja ubaoni kwa pini na kutuuliza: kitenge ukikikata popote kinabaki kitenge, je, hii? Kimya. Kanga ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, ina jina lake chini. Ni picha iliyokwisha kuwekewa fremu. Ukiingiza mkasi unakata picha ya mtu.

Nimerudi na mita tatu za merikani za kujaribia. Nani anakumbuka jina hilo lilikotoka? Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakileta pamba hii isiyopaushwa Unguja karne ya 19, watu wakaiita kwa nchi yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 vikakatiza pamba, biashara ikahamia kwa wengine, jina likabaki. Leo ndiyo nguo tunayoishona ili kuitupa.

Alhamisi, 2 Mei

Mtaa wa Uhuru. Nimetembea maduka saba, katika kila duka nikisomewa majina kama naitwa shuleni. Nimechukua ya njano na zambarau, mji wenye korosho kubwa, jina HAKUNA KAMA MAMA. Wenzangu wametafuta majina makali ya kusutana. Mimi nimetaka herufi kubwa, zenye nafasi.

Sawa, si herufi tu. Mama ana mwaka wa tatu Muscat.

Jumamosi, 4 Mei

Upepo. Redio tangu jana haina neno jingine ila kimbunga Hidaya. Tumefunga madirisha, umeme umekatika mchana, nimebaki ndani na Bibi.

Nimemwomba anifundishe kufunga kanga "kitaalamu", nikaleta na daftari. Kacheka hadi kakohoa. Hakuna alichofundisha, kavaa tu. Ya chini kaizungusha kiunoni, pembe kaichomeka, kajitikisa mara moja kama kuku aliyetoka majini, ikakaa. Ya juu kaitupa kichwani. Hapana pini, wala uzi, wala kipimo. Nikamwambia aende jikoni arudi. Nikaona kila hatua inafungua kanga kidogo mbele na kuifunga tena. Nimehesabu vidole vinne vya ufa, si zaidi, na goti halionekani.

Kisha katoa sandukuni kisutu chake cha harusi, chekundu, cheusi na cheupe. Hakina jina. "Bibi harusi aseme nini? Siku ile wanasema wengine." Kanionyesha kilivyopindwa pembeni kwa mkono, mishono midogo kama mchele. Alikata na kupinda mwenyewe, kwa sababu kanga hadi leo huuzwa mbili zimeshikana na wewe ndiye unayezitenganisha.

Nimemuuliza kuhusu jina kukaa nyuma. Kaniambia kana kwamba ni jambo la kila mtoto: jina husomwa na uliyemwacha nyuma. Wa mbele mnaonana uso, mtaambizana.

Jumanne, 7 Mei

Sijalala. Met Gala, ile sherehe ya mavazi ya New York. Kwetu ilianza saa saba usiku, nimemaliza bando lote na sijuti.

Tyla! Binti wa Afrika Kusini kavaa gauni la mchanga. Mchanga wa kweli, si mfano. Olivier Rousteing wa Balmain kamfanyia kalibu ya mwili wake, kaligandishia mchanga wa rangi tatu na vito vidogo, na mkononi binti kashika shisha ya mchanga, ile ya kupimia saa. Linameta kama ufuo uliotoka kuachwa na maji. Nimepiga kelele, Bibi kadhani mwizi.

Halafu zikaja ngazi. Hakuweza kupanda hata moja. Wanaume wakambeba kama kabati, mmoja kwapani, mwingine miguuni, yeye anacheka. Baadaye usiku Rousteing mwenyewe kachukua mkasi, kalikata liwe fupi ili mwenye mwili wake apate kutembea.

Nimeiangalia sehemu ya kubebwa mara tisa. Ninalipenda gauni lile, na sitajisahihisha asubuhi. Lakini naona kitu ambacho zamani nisingekiona: fundi mkubwa kabisa kamaliza kazi yake, picha zote zimepigwa, na bado kulikuwa na kukata kumoja kumebaki.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeharibu kanga ya kwanza.

Nilitaka marinda ya Lupita. Nimeikata paneli sita, nimekunja rinda baada ya rinda kwa rula na chaki, nimepiga pasi mpaka mvuke unaniunguza pua. Jioni nimening'iniza: jina limekuwa HA NA MA MA, kama mtoto anayejifunza kusoma. Na kufikia usiku marinda yenyewe yamelala. Pamba haikumbuki. Issey Miyake alipotoa Pleats Please mwaka 1993 alitumia poliesta, nguo ikashonwa kwanza kubwa mara mbili na zaidi, ndipo ikaingizwa kwenye joto na kubanwa. Poliesta ikikunjwa kwa moto haisahau. Nilisoma hayo mwaka wa kwanza na nikapata alama nzuri za kuyaeleza.

Mamdogo kaviona vipande. Hakusema kitu, kaniwekea chai.

Ijumaa, 10 Mei

Kanga moja imebaki. Mipango mipya: gauni la kukata kiunoni. Sketi itoke kwenye kanga nzima isiyokatwa mbavu, pindo la chini libaki chini, la juu liwe mkanda. Kiwiliwili kitoke kwenye maiti ya jana. Na badala ya marinda arobaini, rinda moja, nyuma, katikati, lililofichwa ndani na kuachwa wazi kuanzia nyongani kwenda chini. La kutembelea tu. Vidole vinne vya Bibi.

Jumapili, 12 Mei

Nimeshona hadi saa tisa usiku kwa taa ya simu, asubuhi nimelivaa, nimesimama mlangoni nikimpa Bibi mgongo.

Kimya kirefu.

"Mke mwenzangu, mwanangu umemuua lini?"

Nikageuza shingo kwenye kioo. Katikati ya kanga ndipo palipo na neno KAMA, nami rinda nimelikunja papo hapo bila kuangalia. Limemezwa lote, sentimita kumi na tano. Nyuma yangu pameandikwa HAKUNA MAMA.

Na leo ni Siku ya Mama. Simu nzima imejaa maua na picha za akina mama wa watu. Nimekaa kitandani na gauni mwilini nikatafuta kile kisu kidogo cha kufumulia, machozi yananitoka kwa usingizi na kwa hayo mengine. Sikukipata. Kilikuwa jikoni. Nikainuka kwenda kukichukua.

"Ngoja," Bibi kasema nyuma yangu. "Rudi. Nenda tena."

Nikaenda tena.

"Limerudi."

Nimetembea kutoka chumbani hadi jikoni labda mara thelathini, Bibi ananisomea kama mtangazaji wa mpira: halipo, lipo, halipo, lipo. Nikisimama HAKUNA MAMA. Nikipiga hatua rinda linafunguka na KAMA linatoka katikati, njano juu ya zambarau, kisha linajifunga.

Sikufumua.

Alhamisi, 16 Mei

Shida za kawaida, za kufurahisha. Rinda linafunguka vizuri lakini linachelewa kufunga. Kanga ni nyepesi mno, upepo wa feni unatosha kuisoma. Mamdogo kataka tuweke sarafu ndani ya upindo. Sarafu zikavuta kitambaa, pakawa na matuta. Nikakumbuka jaketi za Chanel, zile zinazoshonewa mnyororo mwembamba ndani ya upindo wa chini ili zining'inie sawasawa. Nimepata mnyororo wa mkufu uliokatika kwa muuza bangili, nimepunguza mpaka sentimita ishirini, nimeushona kwa mkono nyuma ya rinda. Si kitambaa, kwa hiyo sijavunja sheria.

Sasa linafunga kama kope.

Kiwiliwili nimekitoa kwenye zile paneli sita, mshazari, korosho zinakutana kifuani kama viganja. Kukata mshazari ni kukigeuza kitambaa nyuzi arobaini na tano. Pamba isiyonyumbuka inaanza kunyumbuka. Madeleine Vionnet, Paris, miaka ya 1920, alikuwa akijaribia mikato hiyo juu ya kisanamu kidogo cha mbao kabla ya kugusa kitambaa kikubwa. Mimi nimejaribia juu ya chupa ya maji ya Uhai ya lita moja na nusu. Kiuno inacho.

Jumanne, 21 Mei

Uwasilishaji. Wenzangu kumi na wanne, mavazi mazuri matatu. Moja la kaka mmoja wa Tanga aliyeacha kanga zote mbili zimeshikana, hakukata hata mahali pamoja, kakunja na kupiga vifungo tu. Wivu umenishika, nimeuandika hapa ili niusome baadaye.

Zamu yangu mwalimu kaniambia nisimame nigeuke. Kasoma. Nyusi zikapanda. Darasa likaanza kunong'ona, mmoja nyuma kacheka.

"Umekosea hapa."

"Ndiyo, mwalimu. Naomba kutembea."

Ukumbi wetu ni mfupi, hatua kumi na mbili na ukuta. Ya tatu nikasikia mtu kavuta pumzi. Nilipogeuka mwalimu alikuwa ameinama kichwa upande, anaangalia upindo, si mimi. Kauliza mnyororo ni wa uzito gani. Kauliza kwa nini sikuweka ufa mmoja wa kawaida. Kasema kiwiliwili ni kizuri kuliko sketi kwa ushonaji, na sketi ni nzuri kuliko kiwiliwili kwa akili, na siku moja nivikutanishe. Alama bado.

Mteja wa harusi ya Juni alikuja jioni kujaribu. Mamdogo kampunguzia mbano magotini bila kumwambia. Kajitazama kwenye kioo, kafungua simu, kalinganisha. "Hili hili kabisa," kasema, na kaondoka akipiga hatua ndefu.

Jumapili, 26 Mei

Mama kapiga kwa video. Mtandao wa Muscat safi, wetu ndio wa mashaka. Bibi alishamwambia kuna gauni, lakini kwa mara ya kwanza maishani mwake kaficha kilichoandikwa.

Simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, nikasimama mbali, nikageuka. Picha ikaganda. Nasikia sauti tu.

"Mbona limeandikwa hivyo? Nani hakuna?"

"Subiri, Mama. Bado hujaona."

"Naona! Limesimama hapa mbele yangu."

Bibi kaipeleka simu dirishani, ikapata nguvu. Nikatembea kumwacha, kutoka mlangoni mpaka mwisho wa ua, polepole, kupita ndoo na kamba ya nguo, nikimpa mgongo njia nzima maana hakuna namna nyingine ya kulisoma. Sikumwona uso. Nilisikia Bibi anamwambia, "Umeona? Umeona?" na upande wa pili hakuna jibu, nikadhani mtandao umekatika tena.

Niliporudi kwenye simu alikuwa amevaa miwani.

"Ubavu wa kushoto," kasema, na sauti yake ilikuwa nzito kama ya mtu mwenye mafua, "pindo halijakutana. Limepishana kidole kizima."

Nimeangalia. Ni kweli, kidole kizima. Mwalimu hakuliona, Mamdogo hakuliona. Kesho nafumua ubavu wa kushoto.