Usilie Mama, Faili Halijapotea

Kuna matatizo ya kompyuta ambayo humtia mtu hofu kuliko yanavyostahili, na hili la faili kufunguka katika programu isiyo yake ni mojawapo. Mtu anabofya picha ya harusi, anaona maandishi ya ajabu ajabu. Anabofya barua ya kuomba kazi, inafunguka programu ya muziki. Wengi hukimbilia kwa fundi wakiamini kazi yao imeangamia. Nimeona jambo hilo likikaribia kuvunja chama cha akina mama hapa Machakos.

Chama chenyewe kina wanachama 22, wauzaji wa mboga, maembe na vyondo katika soko la Marikiti. Mweka hazina wao ni jirani yangu huku Mumbuni, mama aliyejifunza Excel akiwa amepita miaka 50. Wanawe humtania kwa hilo, lakini mimi humvulia kofia. Kila shilingi iliyowekwa tangu 2021 aliiandika humo, maana daftari la awali lilinyeshewa mvua na kurasa zikashikana.

Siku tatu kabla ya mkutano wa Desemba wa kugawana akiba, alibofya faili lake likafunguka katika Notepad. Mahali pa majina na hesabu palijaa vijisanduku, mikwaju na herufi zenye nukta juu. Akafungua la mwaka uliotangulia. Yale yale! Habari zikamtangulia sokoni, na kufikia jioni mwanachama mmoja alikuwa akiuliza kwa sauti ni vipi hesabu ziharibike juma lile lile la kugawana pesa. Msomaji, unayajua maneno ya soko. Nani angeamini ni kompyuta?

Fundi mmoja mjini alimwambia mashine ina virusi, akataka Sh2,000 ili aifute yote na kuanza upya. Laiti angekubali, hesabu zote zingefutika pamoja na hivyo "virusi". Badala yake alinipigia simu.

"Mwanangu, njoo uone kama kuna chochote kilichobaki," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia.

Nilipofika nilimsihi jambo moja kabla ya yote: "Mwaitu, tafadhali usibonyeze kitu." Maana hatari yenyewe iko hapo. Faili la hesabu halidhuriki kwa kutazamwa tu katika Notepad. Lakini ukiongeza hata nukta moja kisha ukahifadhi, Notepad huliandika upya kana kwamba ni maandishi matupu, na hapo ndipo linapoharibika kweli. Ukijikuta mahali hapo, funga. Ukiulizwa kama unataka kuhifadhi, kataa.

Kisha nikatazama mwanzo kabisa wa yale makorokocho. Herufi mbili za kwanza zilikuwa PK. Nikashusha pumzi. Herufi hizo zatokana na jina la Phil Katz, Mmarekani aliyebuni mtindo wa kufungasha faili uitwao ZIP mwaka wa 1989. Tangu ilipotoka Office ya 2007, faili za kawaida za Word na Excel ni vifurushi vya aina hiyo, kazi yako ikiwa imekunjwa ndani. Notepad haijui kukunjua. Ilikuwa ikituonyesha kifurushi kilivyo kwa nje, basi. Hati ya PDF nayo, ukiichungulia vivyo hivyo, huanza kwa alama %PDF. Si hakikisho kwamba kila kitu ndani ni kizima, lakini ni dalili njema.

Kisa cha mkasa wote ni hiki. Unapobofya faili, Windows haichunguzi kilichomo. Hutazama mkia wa jina, yaani herufi zinazofuata nukta ya mwisho: docx, xlsx, pdf, jpg. Kila mkia umepangiwa programu yake, na ukibadilisha mpango huo umebadilisha kwa faili zote zenye mkia huo. Ndiyo maana ziligeuka zote kwa pamoja. Mjukuu wa miaka kumi alikuwa ameichezea mashine usiku, ikamuuliza swali asilolielewa, akachagua Notepad na kubonyeza "Always". Alikiri akiwa nyuma ya pazia. Bibi yake alimtazama kwa muda, kisha akacheka.

Dawa haikuchukua dakika mbili. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nenda "Open with", halafu "Choose another app", uchague Excel, na mwisho useme "Always". Alama ya kijani ya Excel ikarudi kwenye faili zote. Ikiwa mashine yako haina Excel, LibreOffice hupatikana bila malipo na hufungua faili hizo.

Wako wanaojaribu tiba nyingine: wanafuta mkia na kuandika mwingine, xlsx iwe pdf. Wanafunzi hasa hupenda hila hii wanapotakiwa kuwasilisha kazi. Haifai kitu, kwani kilichomo hubaki kile kile.

Tatizo jingine ni kwamba Windows kwa kawaida huuficha mkia wenyewe. Mwezi wa Mei 2000 virusi vya ILOVEYOU vilivyoanzia Ufilipino vilienea duniani kwa barua pepe, vikibeba faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kwa kuwa vbs ilifichwa, wengi waliona TXT, wakadhani ni barua ya mapenzi, wakaifungua. Mimi huufichua mkia katika kila mashine ninayoitumia: ndani ya File Explorer nenda "View", utafute "File name extensions". Katika Windows 11 utaipata chini ya "Show".

Mkutano ulifanyika Jumapili ile. Mweka hazina alifika na hesabu zilizochapishwa, nakala 22, na ya kwanza akampa yule aliyekuwa akiuliza kwa sauti sokoni. Siku hizi nakala ya faili hukaa pia kwenye flashi, ndani ya mkebe wa majani chai, na mjukuu hajaambiwa ni mkebe upi.